Mwenye Nakala ya Tatu

Chini ya ngazi za jengo la ofisi za ardhi pana chumba ambacho aliyelichora jengo hakukikusudia. Kwenye ramani ni stoo ya mifagio. Kwa miaka ishirini na mitatu kimekuwa ofisi ya mpiga chapa mmoja, mwanamke wa makamo anayekaribia kuacha kuwa wa makamo, ambaye jengo zima, kuanzia mlinzi wa getini hadi msajili mwenyewe, humwita Mama Nakala. Dari la chumba limeshuka mshazari kufuata ngazi, kwa hiyo mteja mrefu huanza mazungumzo amesimama na kuyamaliza amekaa. Mna kompyuta, printa, mashine ya fotokopi isiyofanya kazi mpaka ipigwe kofi ubavuni kabla ya ukurasa wa tatu, benchi la watu watatu wanaopatana au wawili waliogombana, na kabati la chuma lenye droo nne. Taipureta aliyoanzia kazi iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, kama babu anayeheshimiwa na asiyeulizwa kitu.

Jina la Nakala alilipata kwa ukaidi. Watu wawili wakija kuandikishiana, huwaambia nakala ni tatu.

"Moja yako, moja yake, moja yangu."

"Yako ya nini tena, mama?"

"Ya siku mtakayopoteza zenu."

Hucheka. Wakishazipoteza hurudi, na hapo hawacheki.

Sheria hakuisomea. Alisomea kupiga chapa, maneno sitini kwa dakika, akaajiriwa mahakamani, na kwa miaka kumi na minne akaandika maneno ya wasema kweli na ya waongo kwa kasi ileile. Mahakama ilipoleta kompyuta ikapunguza wapiga chapa. Naye, badala ya kulia, akanunua kompyuta.

Mali yake kubwa ni mkataba mmoja. Ulianza kama mkataba wa mashine ya kusaga nafaka, uliotungwa na wakili mmoja kabla ya kustaafu, kwa ajili ya ndugu wawili waliokuwa wamechapana kwa mkanda wa mashine hiyohiyo. Ulikuwa na vifungu sita. Kisha kila ugomvi uliorudi kwenye benchi la Mama Nakala ulimwachia kifungu kipya, mpaka vikafika kumi na vitatu. Hakuna alichokibuni. Cha saba kinasema mashine isihamishwe mahali ilipo bila wabia wote wawili kuwepo na kuiona ikipakiwa, kwa sababu kuna mmoja aliamka akakuta sakafu tupu na matundu manne ya bolti. Cha tano kinasema wenye nafaka wataleta nafaka yao kwenye mashine, mashine haitafuata nafaka, kwa sababu tajiri mmoja aliwahi kuiazima kwa wiki moja, na wiki hiyo, kwa hesabu ya wenyewe, haijaisha hadi leo.

Mkataba huu umewaozesha watu wenye saluni, karakana za kuchomelea, kinyozi na mwenye viti vyake, bendi ya muziki iliyokuwa na spika mbili. Yeye hufuta neno "mashine" na kuandika kilichopo. Mengine huyaacha.

Miaka minne iliyopita mdogo wake alimpigia simu.

"Dada, huyu mwanao anataka kufanya biashara na mtu. Programu, sijui nini. Waandikishe vizuri, nisije nikalia mimi."

Mwana mwenyewe, binti wa huyo mdogo wake, alifika kesho yake na kompyuta ya mapajani kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Aliyefuatana naye alikuwa kijana mrefu, akajigonga kwenye dari, akatoa kadi. Kadi ilisema: Meneja. Siku hiyo hapakuwa na hata mtu mmoja wa kusimamiwa naye, lakini jina lilimkaa, na tangu hapo hakuitwa vingine.

Walikuwa wametengeneza programu ya foleni. Mgonjwa anashika namba kwa simu, anakaa kwake, zamu ikikaribia anatumiwa ujumbe. Binti ndiye aliyeiandika. Meneja ndiye aliyezunguka zahanati moja hadi nyingine kuwashawishi waganga, kazi ambayo binti asingeiweza hata kwa kufungwa kamba, maana mbele ya watu wazima sauti yake huingia ndani.

"Mkataba tunao," Meneja alisema. "Tumeupata kwenye mtandao. Kurasa arobaini na moja."

Mama Nakala akaupekua. Ulitaja mahakama za nchi ya mbali na hisa za daraja la pili.

"Mnauelewa?"

"Mama, si lazima tuuelewe. Ni wa kisheria."

"Mkigombana mtasafiri kwenda kwenye hizo mahakama?"

"Hatutagombana," binti alisema. "Sisi marafiki, mama mkubwa."

"Wote waliokaa kwenye hilo benchi walikuwa marafiki. Ningekuwa naandikia maadui tu ningekufa njaa."

Akafungua mkataba wake, akafuta "mashine" akaweka "programu", akafuta "nafaka" akaweka "taarifa". Kazi ya dakika mbili. Kisha akawasomea kwa sauti, kama alivyozoea mahakamani, bila kupanda wala kushuka. Alipofika cha tisa Meneja alianza kutikisika mabega.

"'Programu itatiwa grisi kila Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya wabia wote wawili. Mbia asiyefika Jumamosi tatu mfululizo atahesabiwa ameiacha programu, na ataondoka na mkanda wa akiba na chekeche moja.'"

"Mama, grisi!" Meneja akapangusa machozi. "Tuipake wapi?"

"Programu yenu haiharibiki?"

Binti usiku uliotangulia alikuwa amerekebisha makosa kumi na moja.

"Inaharibika," alisema.

"Basi mtaitia grisi. Sahihi kila ukurasa, hapa chini."

Wakatia, wakicheka, hata mkanda na chekeche wakaviacha vilivyo. Nakala ya tatu ikaingia droo ya pili.

Grisi ilianza kama utani, na kama utani mwingi wa aina hiyo ikageuka ratiba. Kila Jumamosi saa nne walikutana chumbani kwa binti, juu ya duka la vioo. Meneja alileta malalamiko ya wiki nzima, ameyaandika kwenye daftari: zahanati hii imeita namba moja mara mbili, ile nyingine wagonjwa hawaiamini foleni wasiyoiona, kwa hiyo wanashika namba kwenye simu na bado wanakuja kukaa. Binti alirekebisha palepale, Meneja akitazama asichokielewa na kusema "Enhe" mahali panapostahili. Miaka minne hawakukosa, isipokuwa kwa kuambizana. Zahanati zikafika thelathini na nane.

Ndipo ikaja kampuni kubwa, yenye jengo la vioo na mtu wa mapokezi ambaye kazi yake ni kukuuliza una miadi na nani. Kampuni ilitaka ubia. Kwa maneno yao, programu ihamie kwenye kompyuta zao, Meneja apate ofisi na cheo, na binti apate barua ya shukrani yenye masharti. Meneja aliiona milango imefunguka. Binti aliona matundu manne ya bolti.

Walirushiana maneno kwenye simu, na baada ya hapo hawakurushiana kitu. Jumamosi ya kwanza Meneja, ambaye alikuwa ameshaanza kwenda jengo la vioo kila siku, hakufika wala hakusema. Ya pili vilevile.

Jumatatu binti akaingia chini ya ngazi, akafunga mlango, jambo ambalo hakuna mteja anayelifanya kwa sababu ya joto.

"Mama mkubwa, bado Jumamosi moja."

"Naona kalenda."

"Asipokuja, programu ni yangu. Kifungu cha tisa. Hawezi kuipeleka popote."

"Na akija?"

"Hatakuja. Amesahau. Yeye grisi ni kichekesho, husimulia huko kwenye mikutano yake." Akavuta pumzi. "Ila kuna cha kumi."

Mama Nakala alikijua cha kumi. Hakuhitaji kukitoa kwenye droo. Kilisema kwamba mbia akikosa Jumamosi ya pili, mwenye nakala ya tatu atamjulisha kwa maandishi kabla ya Jumamosi ya tatu.

"Nimekisoma mara tano," binti aliendelea. "Hakina adhabu. Kinasema utamjulisha, hakisemi usipomjulisha itakuwaje. Mama mkubwa, sikuombi udanganye. Sikuombi ubadilishe hata nukta. Usifanye kitu tu. Kaa hapa, piga chapa zako, Jumamosi ipite."

"Hujala."

"Usinibadilishie maneno, mama mkubwa."

"Sibadilishi. Umekonda. Nenda ukale, niache nifikiri."

Binti akaondoka. Kumweka kando lilikuwa jambo rahisi, kumjibu ndiko kulikokuwa na kazi. Mama Nakala hakuwa na mtoto. Huyu ndiye aliyekuwa akikaa juu ya benchi lile akiwa wa darasa la pili, akisubiri mama yake atoke kazini, akibonyeza taipureta mpaka herufi zikafungana. Programu ile ilikuwa miaka minne ya macho yake. Ikihamia jengo la vioo, atabaki na barua ya shukrani. Na mwenye kuizuia alitakiwa afanye kitu kimoja tu, nacho ni kukaa alipokuwa amekaa tangu asubuhi.

Shida ni kwamba alikuwa amewahi kukaa.

Ilikuwa wakati mkataba una vifungu tisa. Mashemeji wawili walikuwa na mashine ya kusaga kweli, yenye mkanda kweli. Mmoja alivunjika paja, akalazwa, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Jumamosi tatu zilipita yuko wodini. Shemeji yake akaja na nakala yake, akaonyesha kifungu, akachukua mashine. Mama Nakala alijua kwamba mwenzake amelazwa, jengo zima lilijua. Hakusema kitu kwa sababu haikuwa kazi yake. Yeye ni mpiga chapa.

Baada ya miezi mitatu yule wa paja alikuja kwa magongo, akakaa kwenye benchi.

"Ulijua niko hospitali?"

"Nilijua."

"Haya," alisema. Hakupandisha sauti. Aliomba fotokopi ya mkataba, akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati, akashika magongo yake. Wiki hiyohiyo Mama Nakala akaandika kifungu cha kumi. Adhabu hakuiweka, kwa kuwa hakuweza kumfikiria mwenye nakala ya tatu anayejua na kunyamaza, isipokuwa mmoja, naye alikuwa ameshaadhibiwa.

Jumanne asubuhi aliandika taarifa, mistari sita. Akatoa nakala tatu.

Jengo la vioo lilimuuliza ana miadi na nani. Akasema hana miadi, ana karatasi. Baada ya nusu saa Meneja akashuka, kadi inaning'inia shingoni, si ile aliyoichapisha mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Umekosa grisi mara mbili. Nimekuja kukujulisha kwa maandishi. Ukikosa ya tatu umeiacha programu. Sahihi hapa, kwamba umepokea."

Meneja akatazama huku na huku, asionekane na wakubwa zake wapya akizungumza habari za grisi.

"Mama, heshima yako naijua. Lakini ule ulikuwa utani wetu, mimi na yeye. Mkanda, chekeche! Kuna mwanasheria hapa ghorofa ya tano, nikimwonyesha atazimia."

"Mwonyeshe. Akizimia, mpepee, kisha mwambie asome cha saba. Utani una sahihi yako kila ukurasa."

"Yeye ndiye amekutuma?"

"Yeye aliniomba nisije."

Hilo lilimfika. Alishika kalamu, akatia sahihi.

Jioni simu ikalia. Mdogo wake hakusalimia.

"Dada, mtoto analia huku chumbani. Eti umemwendea adui yake na barua mkononi!"

"Si barua, ni taarifa."

"Barua, taarifa, mimi najua nini! Damu yako mwenyewe! Nilimleta kwako umlinde."

"Ulinambia niwaandikishe vizuri, usije ukalia."

"Sasa si nalia?"

Mama Nakala akaaga.

Jumamosi alifungua chumba saa tatu. Binti alikuwa amemtumia ujumbe wa maneno matatu: grisi itafanyika kwako. Alifika saa tatu na nusu, akasalimia kama anavyosalimiwa mtu wa ofisini, akafungua kompyuta yake juu ya benchi na kukaa ameutazama ukuta. Saa nne kasorobo. Saa nne kasoro dakika tano. Nje mlinzi alikuwa akifagia ngazi, na kila alipogonga kipandio binti aligeuza kichwa kuelekea mlangoni.

Saa nne kasoro dakika mbili Meneja akajigonga kwenye dari.

Hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwa mwanamke mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, ndiye mwanasheria wa ghorofa ya tano. Hakuwa amezimia. Alikuwa na nakala ya Meneja mkononi, imepigwa mistari ya rangi kila ukurasa.

"Nani aliutunga huu?" aliuliza.

"Watu wengi," Mama Nakala alisema. "Kaeni."

Benchi lilikuwa na mmoja na kompyuta. Wakabaki wamesimama, vichwa vimeinama, na pengine hilo lilisaidia.

"Nimekuja kwa sababu bila sahihi na uwepo wa wote wawili siwezi kugusa programu hii," mwanasheria alisema. "Nimetafuta mwanya siku tatu. Kifungu cha saba kimeziba kila mahali. Kampuni haiwezi kufanya ubia na nusu ya kitu."

"Kwa hiyo hukuja kwa ajili ya grisi," binti akamwambia Meneja.

"Nimekuja, sijaja?"

"Umeletwa!"

"Na wewe ulitaka nisiletwe! Miaka minne nazunguka jua kali kwa waganga wasiotaka kunisikiliza, ulitaka niondoke na chekeche!"

"Na mimi ulitaka niondoke na barua ya shukrani!"

Mwanasheria alitaka kusema kitu. Mama Nakala akamwashiria kwa kalamu asubiri. Alikuwa amesikiliza ugomvi kwa karibu miaka arobaini, na alijua kwamba huu ulikuwa umeshasema la mwisho ulilokuwa nalo, mengine yangekuwa marudio.

"Saa nne imefika," alisema. "Mkataba unasema grisi. Hausemi mpendane."

Kisha Meneja, kwa mazoea zaidi ya mapenzi, akatoa daftari mfukoni. Lilikuwa limejaa. Wiki tatu alizokuwa kwenye vioo, zahanati ziliendelea kumpigia yeye.

"Ile ya karibu na soko la nguo," alisema bila kumtazama mtu. "Inawaita watoto mwisho."

"Haiwezekani."

"Muuguzi kaniambia. Wanaingizwa kwa jina la mama, mama akiwa na namba yake mwenyewe, mtoto anarushwa chini."

Binti akawa ameshaanza kubonyeza. "Kwa nini hukuniambia?"

"Tulikuwa hatuongei."

Ilichukua saa moja na robo. Mwanasheria, aliyekosa pa kukaa, akageuza ndoo ya mifagio, maana ndoo ya mifagio haikuwahi kuondoka kwenye stoo yake, akaikalia na kuendelea kusoma. Walipomaliza aliinua kichwa.

"Hiki cha tano," alisema. "'Wenye taarifa wataleta taarifa zao kwenye programu, programu haitafuata taarifa.' Kampuni ina zahanati mia mbili. Zikileta foleni zao kwenu, programu ikakaa ilipo, mtakubali?"

Binti akamtazama Meneja. Meneja akatazama dari, lililokuwa karibu sana.

"Na cheo changu?" aliuliza.

"Hicho sikukiona kwenye kifungu chochote," mwanasheria alisema.

Walikubaliana baada ya wiki tano na mikutano sita, na si kila mmoja alipata alichotaka. Meneja alirudisha kadi ya shingoni akarudia ile yake ya zamani. Kampuni iliandaa mkataba wa kurasa sitini na tatu, na ule wa mashine ya kusaga ukawa kiambatisho chake. Mwanasheria alipotaka kuondoa mkanda na chekeche, binti ndiye aliyemkataza.

"Vinafanya kazi gani?"

"Sijui. Lakini usiviguse. Hata kwenye programu nina mistari nisiyoijua inafanya nini. Nilifuta mmoja siku moja, zahanati nzima ikaitwa namba arobaini."

Kwa mama yake mkubwa alitulia polepole zaidi kuliko kwa Meneja. Miezi miwili salamu zilipitia kwa mdogo mtu. Halafu mchana mmoja akaingia na zile kurasa sitini na tatu na viambatisho, akasalimia, akasema anataka nakala.

"Ngapi?"

"Unajua ngapi."

Mama Nakala akavuta droo, akatoa karatasi moja, akamsogezea. Ilikuwa ukurasa wa mwisho wa mkataba wake, na chini yake kifungu cha kumi na nne, wino wa juzi: mwenye nakala ya tatu asiwe ndugu wa mbia yeyote.

Binti alikisoma mara mbili.

"Umenifukuza."

"Nimejifukuza mimi. Nakala ya tatu peleka kwa yule mpiga chapa wa ghorofa ya pili, hapa juu."

"Yule anayekosea herufi?"

"Anakosea herufi. Lakini hana ndugu humu mjini, na hakuwahi kukubeba mgongoni."

Binti akachukua makaratasi, akainua kifuniko cha mashine ya fotokopi, akalaza ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Kabla ya wa tatu akaipiga kofi ubavuni, palepale panapotakiwa.